Makanisa Yaliyochongwa Mara Mbili

Kahawa Wendani na Chuo Kikuu cha Kenyatta vinatazamana, Barabara Kuu ya Thika ikipita katikati. Upande wa Wendani kuna nyumba za kupanga zilizobanana, vibanda vya chakula, saluni, maduka ya kuchapia kazi za wanafunzi, na makanisa. Mengine ni ya mawe na yana minara, mengine ni ya mabati, mengine yamekodi ukumbi ghorofani. Upande wa chuo, uchongaji wa picha na kuzipiga chapa ni sehemu ya masomo ya sanaa: mwanafunzi huchonga ubao au linoliamu, akaipaka wino, akailaza karatasi juu yake, na picha ikazaliwa.

Yeyote aliyeishi kando ya barabara hii anajua jinsi kanisa linavyokua. Waumini huanza na hema au banda la mabati. Michango ikipatikana, lori la mawe ya Ndarugo hufika kutoka pande za Juja, mafundi huyachonga kwa nyundo na tindo, na ukuta hupanda polepole kulizunguka lile banda huku ibada zikiendelea ndani. Siku ya paa jipya ikifika, mabati ya zamani hung'olewa, yakauzwa au yakapelekwa kuanzisha tawi lingine. Kanisa la kwanza huondoka hivyo, likiwa limetumika pengine kwa miaka ishirini ya ndoa, ubatizo na mazishi, na mara nyingi linabaki katika simu za waumini tu.

Kwa karne nyingi kabla ya simu, na kabla ya kamera, jengo lilipata uhai wa pili kwa njia moja: lilichongwa tena. Mara ya kwanza lilichongwa kwa jiwe na fundi mwashi, mara ya pili kwa shaba au kwa mbao na fundi wa picha. Makanisa ya Afrika Mashariki nayo yalipitia mikono ya mafundi hao, na historia hiyo inawahusu watu wa Wendani kuliko wanavyodhani.

Shaba, nta na tindikali

Picha za miji yetu zilianza kuchongwa Ulaya mapema. Mwaka 1572, katika jiji la Cologne, Ujerumani, Georg Braun na mchongaji Frans Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chao kikubwa cha miji ya dunia. Katika ukurasa mmoja waliweka Aden, na pamoja nayo miji mitatu ya pwani yetu: Mombasa, Kilwa na Sofala. Picha hizo zilichongwa kwenye bamba la shaba. Hogenberg hakuwahi kukanyaga Mombasa. Alifanyia kazi habari na michoro iliyopita mikononi mwa wengine, kisha mkono wake uliozoea kuchora miji ya Ulaya ukajaza yaliyopungua. Ngome ya Yesu ilikuwa bado haijaanza kujengwa; ingeanza mwaka 1593. Wakristo walikuwa wachache sana pwani hii. Malindi pana kikanisa kidogo cha Wareno, chenye kuta nene na paa la makuti, kinachohusishwa na safari ya mmisionari Francis Xavier aliyetia nanga hapo mwaka 1542 akielekea Goa. Kikanisa hicho kingali kimesimama.

Jinsi mambo yalivyoanza ndivyo yalivyoendelea kwa muda mrefu: jengo lilikuwa Afrika, mchongaji alikuwa Ulaya, na kati yao ulikuwapo mchoro uliosafiri kwa meli.

Ili kuona thamani ya kazi hii, inafaa kuvuka kwanza hadi London. Wenceslaus Hollar, aliyezaliwa Prague mwaka 1607, alikuwa fundi wa kuchora kwa tindikali. Mbinu yenyewe ni hii. Bamba la shaba husuguliwa mpaka ling'ae, likapakwa nta. Fundi huchora juu ya nta kwa sindano, na kila penye mstari shaba hubaki wazi. Bamba huzamishwa katika tindikali, nayo hula shaba palipo wazi tu. Nta ikiondolewa, mistari huwa imekuwa mifereji midogo. Wino husukumwa ndani ya mifereji hiyo, uso wa bamba ukafutwa, kisha karatasi yenye unyevu hupitishwa juu yake katika mashine yenye uzito mkubwa. Karatasi huufuata wino ndani ya mfereji na kutoka nao.

Kwa mbinu hiyo Hollar alilichora Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo la London, nje na ndani, kwa ajili ya kitabu cha William Dugdale kilichotoka mwaka 1658. Miaka minane baadaye, Septemba 1666, moto mkubwa wa London uliliteketeza kanisa lile. Linaloonekana leo, lenye kuba, ni jengo jingine lililosanifiwa na Christopher Wren. Anayetaka kujua jinsi kanisa la kale lilivyokuwa, safu zake za nguzo na urefu wa ukumbi wake, hana budi kurudi kwa Hollar. Bamba la shaba, ambalo mtu mmoja angeweza kulibeba kwapani, lilihifadhi kile ambacho kuta za mawe hazikuweza.

Mbao zilizounganishwa kwa parafujo

Karne ya kumi na tisa ilileta hitaji jipya. Magazeti yalitaka picha na maandishi pamoja katika ukurasa mmoja. Shaba haikufaa, kwa sababu wino wake hukaa mferejini ilhali wino wa herufi hukaa juu ya uso ulioinuka. Jibu lilikuwa mbao. Mwingereza Thomas Bewick, aliyefariki mwaka 1828, alikuwa ameonyesha kwamba ukichonga kwenye kichwa cha gogo, pale unapoonekana moyo wa mti, badala ya ubavuni, mti mgumu unakubali mistari myembamba kama unywele na unastahimili maelfu ya nakala. Hufanya kazi kama mhuri wa ofisi ya chifu: kilichoinuka hupokea wino, kilichochongwa hubaki cheupe.

Gazeti la Illustrated London News lilianzishwa mwaka 1842, likafuatwa na The Graphic mwaka 1869. Mti uliotumika una shina jembamba, hivyo picha ya ukurasa mzima ilihitaji vipande vingi vilivyounganishwa kwa parafujo. Picha ilipokuwa ya haraka, mchoro ulihamishiwa juu ya mbao, vipande vikafunguliwa, na kila mchongaji akapewa chake: mmoja mawingu, mwingine ukuta, mwingine umati wa watu. Vilipounganishwa tena, fundi mkuu alipitisha mkono kwenye maungio ili mistari ioane. Ukitazama kwa makini picha za magazeti ya wakati huo, mara nyingine utaona mstari mweupe, mwembamba na ulionyooka kabisa, unaokata anga na ardhi. Hapo ndipo vipande viwili vilipokutana.

Majarida ya misheni yalikuwa wateja wakubwa wa kazi hii. Church Missionary Gleaner, jarida la shirika la CMS, lilianza mwaka 1841, miaka mitatu kabla ya mmisionari wake Johann Ludwig Krapf kufika Mombasa. Majarida kama hayo yaliishi kwa picha. Mshonaji viatu au mwalimu wa shule ya Jumapili huko Uingereza, aliyechanga peni zake kila mwezi, alitaka kuona kanisa lililojengwa kwa peni hizo. Picha ya kanisa ilikuwa risiti yake. Ndiyo sababu makanisa yetu ya kwanza, hata yale ya udongo na nyasi, yaliingia katika vitabu vya Ulaya mapema, yakiwa yamechongwa na watu waliokaa kando ya taa London au Paris, na ambao hawakujua harufu ya makuti mapya.

Mkunazini: askofu, saruji na matbaa

Mahali pamoja ambapo ujenzi wa kanisa na kazi ya kupiga chapa zilikaa chini ya mkono mmoja katika Afrika Mashariki ya zama hizo palikuwa Unguja, na mkono huo ulikuwa wa Edward Steere.

Steere alifika Zanzibar mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kama UMCA. Mwaka huo huo Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, na hao wakawa wanafunzi wa kwanza. Steere alikuwa msomi wa lugha, lakini pia mtu wa kazi za mikono. Matbaa ya misheni ilianza mapema: kufikia mwaka 1867 ilikuwa imekwisha kuchapa kitabu chake kidogo cha lugha ya Kishambala, hapo hapo Unguja. Vijana waliokombolewa utumwani walijifunza kupanga herufi, kupaka wino na kuvuta mashine. Kwa hiyo, miaka mingi kabla Nairobi haijakuwako, walikuwapo Waafrika waliojua kwa mikono yao jinsi wino unavyokaa juu ya uso ulioinuka.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Misheni ikapata kiwanja cha soko lenyewe huko Mkunazini, na siku ya Krismasi mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Ramani ilitokana na msanifu C. F. Hayward, lakini Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, ndiye aliyesimamia ujenzi na kuamua mengi papo hapo. Uamuzi wake mkubwa ulikuwa paa. Hakutaka mbao ambazo mchwa wangezila. Alichanganya saruji ya Portland na matumbawe yaliyopondwa, akamimina tao moja refu lililofunika ukumbi mzima. Wengi walibashiri kwamba mihimili ya kushikilia ikiondolewa, tao lingeanguka. Mihimili iliondolewa, tao likasimama. Siku ya Krismasi ya mwaka 1879 kanisa lilifunguliwa kwa ibada. Steere alifariki Agosti 1882 na akazikwa nyuma ya altare; husimuliwa kwamba altare hiyo imesimama mahali palipokuwa na mti wa kufungia watumwa na kuwachapa viboko.

Wageni huonyeshwa pia nguzo fupi zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu. Husimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Steere akiwa safarini. Steere aliporudi, nguzo ziliachwa zilivyo. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha mkono wa fundi wa Unguja, aliyekutana na kitu kigeni na kukiweka kwa akili yake. Mchongaji wa London aliyekuwa na ramani ya msanifu mbele yake angezichonga nguzo zile zikiwa sawasawa. Ili zionekane zilivyo, sharti achore mtu aliyesimama mbele yake.

Hapo ndipo penye pengo la sura hii ya Mkunazini. Matbaa ilikuwapo, vijana walikuwapo, kanisa lilikuwa likipanda mbele ya macho yao, na tangu mwaka 1888 wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani walikuwa na jarida lao la Kiswahili, Msimulizi. Lakini matbaa ile ilipewa kazi ya maneno: sala, Injili, kamusi, hadithi. Picha za makanisa ziliendelea kuchongwa Ulaya. Na jirani tu, katika mitaa ya Mji Mkongwe, walikuwapo mabingwa wa nakshi waliochonga milango ya mninga na msaji kwa maua ya yungiyungi, minyororo na aya. Patasi zao zilikuwa kali kuliko za wengi. Hakuna aliyewaambia wachonge ubao ule ule ulio bapa, waupake wino, waukandamize kwenye karatasi.

Padri aliyechora

Mmoja wa wageni alielekea kuliziba pengo hilo kwa upande wake. Alexandre Le Roy, Mfaransa wa shirika la Roho Mtakatifu, alifika Bagamoyo mwaka 1881. Misheni ya Bagamoyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1868, na kanisa lake la kwanza ndilo lililoupokea mwili wa David Livingstone Februari 1874 kabla haujavushwa kwenda Zanzibar. Le Roy alitembea na kalamu. Alichora mimea, samaki, vijiji, watu na majengo, na vitabu vyake vilipotoka Ufaransa, kikiwamo kile cha safari ya Kilimanjaro ya mwaka 1890 aliyoifanya pamoja na Askofu de Courmont, picha zake zilitokana na michoro yake mwenyewe. Safari hiyo ndiyo iliyozaa misheni ya Kilema.

Tofauti inaonekana. Mchoro wa mtu aliyekaa mahali una vitu ambavyo mchongaji wa mbali hawezi kuvibuni: namna miti ya fito inavyofungwa, pembe ya paa la nyasi, migomba inavyoegemea ukuta. Mchongaji wa Paris alipopokea mchoro wa namna hiyo, alikuwa na ukweli wa kuufuata.

Shirika hilo hilo la Le Roy lilifika Nairobi mwaka 1899 na kuanzisha misheni ya St. Austin's, na mapadri wake wakapanda mibuni iliyosaidia kueneza kilimo kilichofunika baadaye Kiambu, Ruiru na Thika. Watu wa Kahawa wanaishi katika nchi iliyobadilishwa na watu wale wale waliochora makanisa.

Namirembe, kilima cha makanisa matano

Mbali na pwani, huko Buganda, fundi Mskoti wa CMS, Alexander Mackay, aliyefika mwaka 1878, alikuwa na mashine ndogo ya kuchapia na herufi zisizotosha. Alichukua mbao akachonga herufi kubwa yeye mwenyewe, akapiga chapa karatasi za kusomea. Herufi zile za mbao ni miongoni mwa michongo ya mwanzo kabisa ya kuchapia iliyochongwa katika bara hili la ndani na kutumiwa papo hapo. Mackay alifariki Februari 1890 huko Usambiro, kusini mwa ziwa.

Mwaka huo huo Wakristo wa Buganda walianza kujenga kwenye kilima cha Namirembe, na kilima hicho kikawa shule ya jinsi makanisa yanavyopotea. La kwanza la mwaka 1890 lilikuwa dogo, likazidiwa na watu. La pili lilifunguliwa mwaka 1892, la matete na nyasi, paa lake likishikiliwa na mamia ya magogo yaliyobebwa mabegani kutoka misituni. Mwaka 1894 dhoruba ililiangusha. La tatu lilijengwa mwaka 1895, nalo likapokewa na la nne, la matofali, lililojengwa kuanzia 1901 chini ya fundi Borup na kuwekwa wakfu mwaka 1904. Matofali yalikuwa imara lakini paa lilikuwa la nyasi. Septemba 1910 radi ilipiga, moto ukashika, na watu wa Kampala wakalitazama likiungua juu ya kilima. Kanisa la tano, lenye kuba, ndilo lililopo leo. Lilisanifiwa na Beresford Pite, likakamilika mwaka 1919.

Katika miaka hiyo hiyo msanifu mwingine, Temple Moore, alisanifu Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Februari 1917. Yeye alifariki mwaka 1920, na kanisa lilikamilika mwaka 1952. Anayepanda matatu Wendani kwenda mjini, akashuka na kutembea hadi karibu na Uhuru Park, anasimama mbele ya kanisa la rika moja na lile la Namirembe.

Ndani ya muda wa makanisa hayo matano, kazi ya kuchonga mbao ilikufa magazetini. Kuanzia miaka ya 1880 wachapaji wa Ulaya walipata njia ya kuigeuza picha ya kamera kuwa nukta ndogo ndogo zinazoweza kuchapwa pamoja na herufi. Kufikia mwisho wa karne, karakana zilizokuwa na wachongaji wengi zilifungwa. La pili la Namirembe lilizaliwa mchongaji bado yuko mezani. La nne liliungua enzi ya kamera.

Kamera ilileta uaminifu wa jicho, na hilo si jambo dogo. Lakini jambo moja liliondoka nayo. Mchongaji hawezi kuchonga asichokielewa. Ili achonge paa la nyasi, lazima ajue tabaka moja linaanzia wapi na jingine linaishia wapi. Ili achonge ukuta wa mawe, lazima aufuate kila mstari wa saruji. Kuchonga jengo ni kulijenga upya taratibu kwa mkono, na anayemaliza kazi hiyo analijua jengo kama fundi wake.

Mikono yetu

Ufundi ulirudi Afrika Mashariki kwa mlango mwingine, wa shule za sanaa. Makerere ilianza kufundisha sanaa chini ya Margaret Trowell mwaka 1937, na humo akapita kijana wa Marangu, Elimo Njau, aliyezaliwa mwaka 1932. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, Njau alipewa kuta za kanisa la kumbukumbu la Mtakatifu James huko Fort Hall, yaani Murang'a, mbele ya Thika ukiendelea na barabara hii hii. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Njau alichora maisha ya Yesu katika picha tano, kuanzia kuzaliwa hadi msalaba, na akaiweka Injili katika milima, migomba na vibanda vya Murang'a. Ilikuwa rangi ukutani, wala haikuwa wino wa kupiga chapa, lakini ilikata shauri kubwa: Mwafrika angeweza kulitazama kanisa lake kwa macho yake na kuliweka katika picha.

Mwaka 1965 Njau na wenzake walianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, ambayo baadaye ilihamia Ridgeways, kando ya barabara ya Kiambu. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi zilizohifadhiwa humo. Picha ya rangi ni moja tu; ikiungua imekwisha. Mchongo hutoa nakala ishirini au mia, zikatawanyika katika nyumba za watu, na moto mmoja hauwezi kuzifikia zote.

Huko Dar es Salaam, Sista Jean Pruitt alisaidia kuanzisha Nyumba ya Sanaa mwaka 1972, na humo wasanii kama George Lilanga na Robino Ntila walifanya kazi ya bamba na tindikali, ufundi ule ule wa Hollar. Uganda, Fred Mutebi amejulikana kwa michongo ya mbao yenye rangi nyingi. Kenya, Peterson Kamwathi alijijengea jina kwa michongo mikubwa ya mbao. Basi ufundi tunao, na umekuwa wetu kwa zaidi ya nusu karne.

Chuo kilicho mkabala na Wendani nacho kina historia yake ya kugeuzwa. Palikuwa kambi ya jeshi la Waingereza, Templer Barracks. Mwaka 1965 kambi ilikabidhiwa serikali ya Kenya na kufanywa Chuo cha Kenyatta. Mwaka 1985 kikawa chuo kikuu kamili. Walimu wengi wa sanaa wa shule zetu walipitia hapo, wakaenda kuwafundisha watoto kuchonga viazi, mbao na linoliamu.

Hebu basi tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, kanisa la mawe la Wendani likiwa mbele yetu. Mchoro hufanywa kwanza kwa penseli, papo hapo barabarani, kisha hugeuzwa, kwa kuwa chapa hupindua kila kitu: mnara ulio kushoto kwenye ubao utakuwa kulia kwenye karatasi, na jina la kanisa juu ya mlango sharti lichongwe kinyumenyume. Kila kitakachokuwa cheupe kinaondolewa. Kwa hiyo mistari ya saruji kati ya mawe ya Ndarugo inachongwa, na mawe yanaachwa. Mabati yanahitaji kisu chenye ncha ya herufi V, kikisukumwa kwa mkono mmoja na kuongozwa kwa vidole vya mkono wa pili, mfereji baada ya mfereji, bila kusita katikati, kwa sababu mkono ukisita bati linaonekana limepondeka. Nyaya za umeme zinazopita mbele ya mnara huachwa ziinuke, nyembamba, na hizo ndizo huvunjika kwanza. Anga huondolewa lote, lakini mikwaruzo michache ya kisu hubaki na kushika wino, na fundi mzuri huiacha. Kisha rola ya wino, kisha karatasi, kisha mgongo wa kijiko ukisuguliwa kwa mizunguko midogo kama mashine haipo. Karatasi ikiinuliwa kwa pembe moja, kanisa lipo.

Vifaa hivyo havizidi uwezo wa kikundi cha vijana wa kanisa. Kipande cha linoliamu, visu vitatu, rola, kopo la wino wa kuchapia, ramu ya karatasi nzito. Anayeijua kazi yuko ng'ambo ya barabara. Na wakati ndio huu, maana Barabara ya Thika imebadilisha nchi hii haraka. Tangu ilipopanuliwa kati ya 2009 na 2012, viwanja kutoka Kasarani hadi Juja vimejaa ghorofa, na makanisa yanajengwa upya makubwa zaidi, kama waumini wanavyostahili.

Basi kila kamati ya ujenzi, kabla ya kung'oa bati la kwanza, na imwite mchongaji. Alipe jengo la zamani siku chache za macho na mkono wake: banda la mabati lenye kengele ya rimu ya gari, jukwaa la mbao, mlango uliopigwa rangi ya buluu. Nakala zipigwe chapa kadiri ya wazee waliokuwapo tangu mwanzo, kila mmoja apewe yake, moja iwekwe katika kumbukumbu za parokia na nyingine chuoni. Wafadhili wa London walipewa picha za makanisa yetu kwa sababu walichanga peni. Akina mama wa Wendani waliouza chapati ili kununua mabati nao wamechanga, na picha ya kanisa lao wanaistahili. Ni haki ichongwe na mtu aliyelisikia likiimba.